Kisanduku cha Taarifa Kitupu: Mwongozo Kamili wa Kujenga Utamaduni wa Usalama Kiwandani

Ninapoitwa kiwandani Arusha au Moshi kusaidia mambo ya usalama, huwa naomba kwanza nioneshwe kisanduku cha taarifa, kile ambacho wafanyakazi hutumbukiza karatasi kuripoti hatari. Kipo karibu kila mahali: cha mbao au cha bati, rangi nyekundu, kufuli ndogo, kimening'inizwa jirani na geti au mlango wa kantini. Nikiomba kifunguliwe, ufunguo unaanza kutafutwa. Ukipatikana, ndani mna vumbi na pengine karatasi moja inayolalamikia maharage.

Meneja hufurahi. "Unaona mwenyewe, hapa hatuna matatizo." Kisha naenda kukaa na mwendesha boila nusu saa, na kabla chai haijapoa ameshanisimulia mambo matatu ya mwezi huu ambayo yangeweza kuua mtu.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya sehemu ambazo kosa moja linatosha kuzika watu: kwenye boila za stimu, vyumba baridi vinavyopozwa kwa gesi ya amonia, mashimo ya majitaka, viwanda vya ngozi, maghala ya nafaka, migodi. Wasomaji wengi wameniandikia wakisema wameweka mabango, wamenunua helmeti, wameendesha mafunzo, na bado watu hawasemi kitu mpaka ajali itokee. Jambo wanalokosea ni lile lile. Mfanyakazi haamui kuripoti kwa kusoma bango. Anaangalia yaliyompata mwenzake wa mwisho aliyeripoti. Hatua zote hapa chini zinalenga hapo.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usianze hatua ya kwanza kama hivi havipo. Ukianza ukakwama katikati, watu watasema "ni yale yale", na mara ya pili hawatakusikiliza.

- Kaunta buku moja kwa kila eneo la hatari, na kalamu iliyofungwa kwa kamba ili isiondoke.
- Ubao mweupe mkubwa, uwekwe pale watu wanapopita wakiingia zamu. Usiuweke ofisini.
- Simu moja ya kazi yenye WhatsApp, namba yake ijulikane na kila mtu. Wenye viswaswadu watatuma ujumbe wa kawaida au watapiga.
- Kufuli za kufungia swichi na valvu wakati wa matengenezo, kila fundi na yake, ufunguo mmoja tu, pamoja na lebo yenye jina lake.
- Kipima gesi kinachosoma oksijeni, gesi zinazowaka, monoksidi ya kaboni na salfidi ya hidrojeni. Kama mna amonia, mnahitaji kipimo chake cha peke yake.
- Mkanda wa mwili mzima, kamba, na stendi ya miguu mitatu yenye winchi ya kumvuta mtu kutoka shimoni.
- Fedha kidogo ya matengenezo ya haraka, ambayo afisa usalama anaweza kuitumia bila kusubiri sahihi tatu.
- Dakika kumi na tano za kupishana zamu, zinazolipwa.

Hilo la mwisho ndilo wakuu wengi hulikataa. Usilegeze. Nitaeleza sababu kwenye hatua ya tano.

Upande wa sheria, hakikisha eneo la kazi limesajiliwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, kwamba boila na vyombo vya mgandamizo vimekaguliwa, na kwamba wawakilishi wa usalama na afya wapo kama Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inavyotaka. Cheti cha ukaguzi kinasema hali ilivyokuwa siku ile mkaguzi alipokuja. Siku nyingine zote ziko mikononi mwenu.

## Hatua ya 1: Chukua ahadi tatu kutoka kwa mkuu wa kiwanda

Usianze na sera. Sera mnayo tayari, imetiwa fremu. Kaa na mkuu wa kiwanda peke yenu, umwombe ahadi tatu ambazo atazitamka kwa mdomo wake mbele ya wafanyakazi.

Ahadi ya kwanza: hakuna atakayeadhibiwa kwa kuleta taarifa ya hatari, hata kama hatari hiyo ameisababisha mwenyewe kwa bahati mbaya. Ya pili: kila taarifa itapata jibu ndani ya siku tatu, hata kama jibu lenyewe ni "kipuri bado hakijafika". Ya tatu: anayesimamisha kazi kwa nia njema atalipwa siku yake nzima, hata ikija kuonekana kwamba hakukuwa na hatari.

Hii ya tatu inawagusa vibarua kuliko mtu mwingine yeyote. Mtu anayelipwa kwa siku, nyumbani wanamsubiri na unga, hawezi kusimamisha kazi kwa sababu ya harufu tu. Mwondolee kwanza hofu ya kukosa posho, ndipo umwombe awe macho yako.

Ahadi zitamkwe kwa zamu zote. Kama zamu ya usiku inatoka saa kumi na mbili asubuhi, mkuu awepo getini saa kumi na moja na nusu. Usimwandikie hotuba. Maneno machache ya kwake, hata kama yanakwama, yanaaminika kuliko karatasi mbili za kusoma.

Utajuaje imefanikiwa: mkuu anafika zamu ya usiku angalau mara moja kwa mwezi bila kutanguliwa na simu, na anaondoka ameuliza maswali, hajatoa maagizo.

## Hatua ya 2: Tenganisha kinachoumiza na kinachoua

Viwanda vingi hutumia nguvu zote kuhesabu vidole vilivyokatwa na watu walioteleza. Ni kazi ya lazima, lakini haikuambii lini boila italipuka. Tarehe 23 Machi 2005 kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, kililipuka na kuua watu 15. Takwimu zao za majeraha madogo zilikuwa nzuri, na wakubwa walizitegemea kujiona wako salama. Wakati huohuo vipimo vya mtambo vilikuwa vinasoma uongo, na kuwasha mtambo nje ya utaratibu kulishazoeleka.

Kwa hiyo kaa na waendeshaji, mafundi na wawakilishi wa usalama, muandike hatari zinazoua tu. Zisizidi saba. Kwa kila moja andika kitu gani kinaizuia isiue, nani anakipima kitu hicho, na lini.

Chukua boila. Hatari kubwa ni maji kupungua huku moto ukiendelea kuwaka. Vizuizi ni kioo cha maji, swichi inayokata moto maji yakishuka, na valvu ya usalama. Mwendesha boila mzuri, akianza zamu, hufungua koki ya chini ya kioo, maji yanamwagika na kioo kinabaki kitupu, halafu anaifunga. Maji yanatakiwa kurudi juu mara moja, kwa kuruka. Yakirudi taratibu, kama mtu anayepanda ngazi amechoka, njia inaziba kwa ukoko wa chumvi, na kimo unachokiona kwenye kioo huenda si cha kweli. Kazi hiyo haifiki dakika moja. Niliwahi kumkuta mwendeshaji anayeifanya kila siku na hajui ni kwa nini. Aliyemfundisha alimwambia tu "ndivyo tunavyofanya". Siku akiwa na haraka ataiacha, maana hakuna aliyemwambia inamlinda na nini. Andika sababu kwenye kadi, ibandike palepale.

Fanyeni mzunguko huu usiku pia. Mchana kuna mameneja na taa. Usiku ndipo utaona mlango wa dharura umefungwa kwa mnyororo na kengele ya amonia imezibwa kwa kitambaa kwa sababu inapiga kelele.

Na msisahau hatari ambayo haimo kwenye orodha za kigeni. Arusha Juni na Julai kuna baridi kali. Mlinzi anaingiza jiko la mkaa kwenye kibanda, anafunga mlango na dirisha. Monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi. Inamlaza usingizi ambao hataamka. Mpeni koti zito, chai, na hita ya umeme. Kumkataza bila kumpa joto ni kumfundisha kulificha jiko tu.

Utajuaje imefanikiwa: mwulize mfanyakazi yeyote wa eneo hilo, "hapa kitu gani kinaweza kutuua?" Akijibu bila kukuangalia usoni kutafuta jibu unalolitaka, mmefika.

## Hatua ya 3: Chora mstari wa haki kabla taarifa ya kwanza haijaja

Hatua hii niliiruka nilipokuwa kijana, na gharama yake sijaisahau.

Nilikuwa afisa usalama kwenye kiwanda kimoja chenye chumba baridi. Asubuhi moja fundi mmoja, mtu mzima wa umri wa baba yangu, alinifuata. Nilimwamkia, akaitikia, akanivuta pembeni. "Mwanangu, jana nilifungua valvu siyo. Nikasikia harufu, nikaifunga haraka. Nimeona nikwambie." Nilimshukuru, nikaandika ripoti nzuri yenye jina lake, nikaipeleka juu. Wiki iliyofuata alipewa barua ya onyo, nami nikatia sahihi kama shahidi. Hakunitukana. Alinitazama tu.

Mwaka mzima daftari langu halikupata taarifa hata moja. Kisha valvu ileile ikafunguliwa na mtu mwingine, na vijana wawili wakapelekwa hospitali macho yakiwawasha, wanashindwa kuvuta pumzi. Walipona. Nilipokwenda kuangalia valvu, zilikuwa mbili, zimepangana, rangi moja, hazina lebo. Vipande viwili vya bati vyenye namba vingetosha, na yule mzee alikuwa amekuja kuniambia mwaka mmoja kabla.

Kwa hiyo kubalianeni mapema, kwa maandishi ya ukurasa mmoja, kuhusu aina tatu za makosa.

Bahati mbaya: mtu alikusudia sahihi, mkono ukakosea. Hapa hakuna adhabu. Rekebisheni mazingira: lebo, mwanga, rangi, uchovu.

Njia ya mkato iliyozoeleka: kila mtu anairuka hatua hiyo, na msimamizi anajua. Hapa zungumzeni na kundi zima, na anzeni kwa kumwuliza msimamizi kwa nini njia halali ni ngumu kuliko ya mkato.

Ukaidi: mtu alijua, alionywa, akahatarisha wenzake makusudi, au alikuja amelewa. Hapa taratibu za nidhamu zifuate mkondo, na wenzake ndio watakaokuwa wa kwanza kukushukuru.

Swali la kuwasaidia kupambanua: mtu mwingine mwenye ujuzi uleule, zamu ileile, vifaa vilevile, angeweza kufanya hivyohivyo? Kama ndiyo, mkimfukuza huyu mtamwajiri wa kurudia kosa lake.

Onyo: mstari huu ukipindishwa mara moja kwa ajili ya ndugu wa mtu au kwa sababu mkuu amekasirika, mnaanza upya. Watu hawasahau.

## Hatua ya 4: Kusanya taarifa za nusura ajali, na uzijibu

Ondoa kisanduku. Karatasi inayoingia mahali pa giza palipofungwa kwa kufuli haimpi mtu imani kwamba kuna anayesikiliza. Weka kaunta buku wazi kwenye eneo lenyewe.

Maswali yawe matatu tu: Nini kimetokea au nini umeona? Kingeweza kumfanya nini mtu? Unadhani kifanyike nini? Hilo la tatu usilifute. Anayeishi na mashine saa nane kwa siku mara nyingi anajua dawa yake, na hajawahi kuulizwa.

Pokea kwa njia zote. Kuna mafundi hodari ambao kalamu ni mzigo kwao. Ujumbe wa sauti wa nusu dakika unatosha, wewe ndiye uandike. Kuna wasiotaka jina lao lionekane, heshimu hilo. Kuna watakaokuambia mkiwa mnakula kwa mama lishe nje ya geti. Hiyo nayo ni taarifa, iingize.

Halafu jibu. Kwanza kwa mtu mwenyewe, uso kwa uso kama amejitaja, kisha kwenye ubao. Mstari wa ubao uwe hivi: "12/8, ngazi ya tangi namba 2, kidato cha nne kimelegea. Imechomelewa 13/8." Kama jibu ni "hapana", andika hapana na sababu yake. Watu wazima wanaweza kuvumilia hapana iliyoelezwa. Kimya ndicho kinachowakatisha tamaa.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo wengi hujikwaa. Taarifa kumi za kwanza zitakuwa za vyoo, gambuti zilizotoboka, maji ya kunywa na bajaji zinazoziba geti. Afisa usalama anaudhika: "nimewaambia hatari kubwa, wananiletea mambo ya sabuni." Usiudhike. Wanakupima. Wanataka kuona daftari lina mtu upande wa pili kabla hawajakukabidhi jambo linaloweza kuwagharimu kazi. Nunua hizo gambuti. Weka sabuni. Zile fedha za haraka kwenye orodha ya vifaa zilikuwa kwa ajili ya wiki hizi.

Maonyo mawili. Usiweke kiwango cha kila mtu kuleta taarifa mbili kwa mwezi; utaletewa za kutunga. Na usichanganye nusura ajali na ajali yenyewe: mtu akiumia au kufa kazini, OSHA na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi lazima wajulishwe kwa taratibu zao, na kuchelewesha kunamnyima mfanyakazi haki yake.

Utajuaje imefanikiwa: mtu ameripoti kosa lake mwenyewe, kwa jina lake, na kesho yake amekuja kazini kama kawaida. Inaweza kuchukua miezi. Siku hiyo ikifika, mpigie mkuu wa kiwanda simu umwambie.

## Hatua ya 5: Linda makabidhiano ya zamu

Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha kwenye Bahari ya Kaskazini liliwaka moto na watu 167 wakafa. Mchana wake pampu moja ilikuwa imetolewa valvu yake ya usalama kwa matengenezo. Habari hiyo haikuwafikia sawasawa watu wa usiku. Pampu nyingine ilipozima, wakawasha hiyo, na gesi ikavuja.

Huhitaji kuwa baharini ili hilo likukute. Jiulize zamu yako ya mchana inakabidhi vipi. Mara nyingi anayetoka anakimbilia basi la wafanyakazi au daladala ya mwisho, anayeingia anabadilisha nguo, wanapishana mlangoni: "Vipi, poa?" "Poa, hamna shida." Ndiyo makabidhiano hayo. Zile dakika kumi na tano za kulipwa ni kwa sababu hii. Bila hizo, unamwomba mtu achague kati ya usalama wako na kulala kwake.

Makabidhiano yafanyike mbele ya mashine, wamesimama, na yajibu mambo manne: nini kinaendeshwa, nini kimefunguliwa au kina kufuli ya fundi, kengele au kinga gani imezimwa kwa muda, na nani yuko ndani ya tangi, shimo au juu ya paa sasa hivi. Anayepokea arudie kwa maneno yake, kisha wote wawili watie sahihi.

Ongeza la tano kwa hali yetu: umeme ukikatika na kurudi, nani anaruhusu mashine ziwashwe, na kwa mpangilio gani? Umeme ukirudi ghafla, konveya huanza kuzunguka fundi akiwa ameingiza mkono. Kufuli ya fundi kwenye swichi ndiyo inayomlinda.

## Hatua ya 6: Fundisha kusema "tusimame kidogo"

Kila sera ya usalama inasema mfanyakazi yeyote ana haki ya kusimamisha kazi. Karibu hakuna anayefundisha namna ya kuitumia kwenye jamii ambayo kijana hamkatizi mzee na kibarua hamkatizi bosi. Tumelelewa hivyo, na ni jambo jema. Kwa hiyo msimwombe kijana avunje adabu. Mpeni maneno yenye adabu yanayosimamisha kazi.

Mimi hufundisha haya: "Mzee, samahani, naomba tusimame kidogo." Basi. Hahitaji kuwa na uhakika wala kutoa hoja. Na jibu la mzee liwe moja tu, limefanyiwa mazoezi: "Tumesimama. Umeona nini?" Lifanyieni mazoezi kweli, kwa sauti, kwenye kikao cha asubuhi, mzee fundi na kijana wa mafunzo wakisimama mbele ya wenzao. Watacheka mara ya kwanza. Mara ya tatu hawacheki tena, kwa sababu kila mmoja ameshakumbuka siku ambayo alitaka kusema akanyamaza.

Sehemu ya kuanzia mazoezi ni shimo la majitaka, maana huko tunapoteza watu kwa upendo wao wenyewe. Mmoja anashuka kuzibua pampu, anaanguka. Mwenzake anamwona, anaruka kumwokoa, anaanguka. Wa tatu naye. Taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH, iliwahi kubaini kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa kwenye sehemu za namna hii walikuwa waokoaji. Salfidi ya hidrojeni inanuka kama yai viza, lakini ikiwa nyingi inaua uwezo wa pua kunusa, na mtu anadhani imeisha. Kwenye viwanda vya ngozi tindikali ikikutana na maji yenye salfidi, gesi hiyo hutoka kwa wingi ndani ya muda mfupi.

Utaratibu wa kibali cha kushuka ni huu, na usirukwe hata kwa dakika mbili:

1. Fungeni pampu na mabomba yote yanayoingiza kitu shimoni, kila mtu aweke kufuli yake.
2. Pimeni hewa kutoka nje, juu, katikati na chini, kwa kushusha kipimo kwa kamba au bomba lake.
3. Oksijeni ya kawaida ni asilimia 20.9. Ikiwa chini ya 19.5, hakuna kushuka. Gesi zinazowaka zikifika asilimia 10 ya kiwango cha chini cha kulipuka, hakuna kushuka. Salfidi ya hidrojeni ikifika sehemu 10 kwa milioni, hakuna kushuka.
4. Pulizeni hewa safi, pimeni tena, na kipimo kiendelee kusoma muda wote kazi inapofanyika.
5. Anayeshuka avae mkanda uliounganishwa na winchi tayari. Winchi ikiwa stoo, haipo.
6. Juu abaki mtu mmoja ambaye kazi yake ni kumtazama aliye chini. Haendi kuchukua spana, hapokei simu, na kamwe hashuki.

Chini ikitokea shida, yule aliyebaki juu anavuta winchi na kuagiza Zimamoto wapigiwe 114. Zimamoto watafika, lakini ubongo bila oksijeni unahesabu dakika chache. Winchi ndiyo uokoaji. Wengine wote ni msaada.

Utajuaje imefanikiwa: kazi imesimamishwa bure. Kijana alihisi harufu, wakapima, hapakuwa na kitu, wakapoteza dakika arobaini, na mkuu akamshika mkono mbele ya watu. Kazi isiposimamishwa bure hata mara moja kwa mwaka, hakuna anayesimamisha.

## Hatua ya 7: Wahesabu vibarua na wakandarasi

Msimu wa kahawa Moshi watu huongezeka viwandani ndani ya wiki chache, na wachomeleaji wa kandarasi hufika na kuondoka kabla hujajua majina yao. Hao ndio wasiojua kengele inamaanisha nini wala njia ya kutokea iko wapi.

Siku ya kwanza kila mmoja apewe mwenyeji wa kutembea naye zamu nzima, aoneshwe hatari zile saba kwa macho, na aambiwe ahadi tatu kwa Kiswahili cha kawaida. Vifaa vya kinga viwe sawa na vya waajiriwa. Ukimpa kibarua glovu kuukuu, umemweleza thamani yake, na hatakuletea taarifa yoyote.

## Hatua ya 8: Ajali ikitokea, usitafute mchawi

Saa za kwanza ni za majeruhi na familia yake. Mtu atumwe nyumbani, asipige simu tu.

Kisha uchunguzi. Pigeni marufuku hitimisho la "uzembe wa mfanyakazi". Haya maneno hufunga faili na kuacha hatari pale pale. Ulizeni kwa nini, mpaka mfike kwenye kitu ambacho mkuu wa kiwanda ana uwezo wa kukibadilisha: ratiba, kipuri kilichokataliwa kununuliwa, zamu mbili mfululizo, lebo zisizokuwepo. Mwulizeni aliyekosea mambo yalionekanaje machoni pake dakika ile, kabla hajajua mwisho wake. Tafuteni pia kwenye kaunta buku kama kuna aliyewahi kuandika. Mkimkuta, mkuu amwombe radhi mtu huyo hadharani.

## Hatua ya 9: Kuudumisha mwaka wa pili na wa tatu

Mwaka wa kwanza hubebwa na upya wake. Baada ya hapo unahitaji vipimo vya kukuonesha mambo yanapolegea. Mimi hutazama vitatu kila mwezi: taarifa ngapi zimeletwa, zimechukua siku ngapi kujibiwa, na matengenezo mangapi ya vizuizi vya hatari kubwa yamepita tarehe yake. Taarifa zikishuka ghafla, sishangilii. Naenda kuuliza nani alifokewa.

Ondoeni zawadi za "siku bila ajali". Ukiahidi kundi zima mchele na mafuta ya kula wakimaliza miezi sita bila jeraha, aliyejikata mkono ataufunga kitambaa na kunyamaza, maana akisema anawanyang'anya wenzake sikukuu. Mtambo wa kuchimba mafuta baharini wa Deepwater Horizon ulipolipuka tarehe 20 Aprili 2010 na kuua watu 11, siku hiyohiyo wakubwa walikuwa wamefika kupongeza miaka saba bila jeraha la kumkosesha mtu siku ya kazi. Zawadi ziende kwa aliyeleta taarifa iliyookoa, na kwa msimamizi aliyejibu upesi kuliko wote.

Vipindi vitatu huvunja kazi yote hii: msimu wa uzalishaji mkubwa, bajeti ikikatwa, na mkuu wa kiwanda akibadilishwa. Kwa viwili vya kwanza, ile orodha ya vizuizi vya hatari zile saba isiguswe bila sahihi ya mkuu mwenyewe, ili awe ameona anachokipunguza.

Kwa cha tatu, jiandae mapema. Meneja mpya anapofika siku ya kwanza, kabla hajaoneshwa ofisi yake, mpeleke kwa mwendesha boila. Mwendeshaji afungue koki, kioo kiwe kitupu, aifunge, wote wawili watazame maji yanavyorudi. Kisha waachie kaunta buku mezani na viti viwili, wewe utoke nje.